Kanuni: Mwanzi wa Kupimia



Haupiti mkutano wetu hata mmoja bila mtu kusimama na kusema, "Hiyo si kanuni." Leo tumeombwa tueleze neno hilo lilikotoka, pamoja na ndugu yake wa Kiingereza, canon. Hatufanyi hivyo ili kujipamba kwa elimu. Asiyejua maana ya kanuni hudanganywa kwa urahisi na yeyote anayeitaja.

Asili yake ni mmea. Katika lugha za kale za Mashariki ya Kati, Kiebrania kikiwamo, mwanzi uliitwa qaneh. Kwa kuwa ni mwepesi na umenyooka, mafundi waliukata wakaufanya kipimo. Katika sura ya 40 ya Ezekieli, nabii anaonyeshwa mtu amesimama langoni na mwanzi wa kupimia mkononi. Neno la hapo ni lilo hilo. Wayunani nao wakawa na kanon, yaani ufito ulionyooka wa mwashi. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mchongaji Polykleitos aliandika kitabu chenye jina hilo kuhusu uwiano wa viungo vya mwili wa binadamu.

Kanisa likalichukua neno hilo. Mtume Paulo analitumia katika Wagalatia 6:16. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitoa kanuni 20. Na mwaka 367 Athanasio wa Aleksandria aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya vilivyokubaliwa. Kwa njia ya Kilatini neno likafika Uingereza: likawa sheria za Kanisa, orodha ya Maandiko, na hata cheo cha kasisi wa kathedrali. Waarabu nao waliliita qanun. Ibn Sina alikipa kitabu chake kikuu cha tiba jina hilo, na kutoka Kiarabu likatufikia sisi. Kwa hiyo canon na kanuni ni ndugu wa tumbo moja waliosafiri njia mbili.

Lakini mwanzi una uwazi ndani. Kutokana na uwazi huo Waitalia walipata cannone, bomba kubwa, na Waingereza wakapata jina la silaha ambayo sisi huiita mzinga. Tazameni basi: shina moja limezaa kipimo na limezaa silaha. Kila taifa huchagua litatawaliwa kwa kipi.

Masikio yetu husikia jina KANU ndani ya neno kanuni, lakini huo ni mfanano wa sauti tu. Hata hivyo, mwaka 1982 kifungu cha 2A kilikifanya chama hicho kuwa chama pekee halali nchini. Kifungu kilipitishwa Bungeni, kikawa sheria. Je, kilikuwa kimenyooka? Mpimaji alijitwalia ufito, akakataa kupimwa nao. Mwaka 1988 wapiga kura wa mchujo walipangwa milolongo nyuma ya wagombea, wakahesabiwa mchana kweupe; lakini yakazuka malalamiko mengi kwamba milolongo mifupi ilitangazwa kuwa imeshinda. Kanuni ilikuwapo, kilichokosekana ni unyoofu. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema wazi kwamba inamfunga kila mtu na kila chombo cha dola.

Ndugu zetu, ufito huo hautupimi wengine tu. Tukiahirisha uchaguzi wa kamati zetu, tukificha hesabu za michango, tukimnyima neno kijana anayetupinga, sisi pia tumeupinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta uliojengwa kwa ufito uliopinda hauponywi kwa kupakwa chokaa.

Mwisho tukumbuke ya kwamba mwanzi huvunjika upesi. Isaya, katika sura ya 42, anamtaja mtumishi ambaye hatavunja mwanzi uliopondeka. Kanuni haina askari wala mzinga. Nguvu yake ni watu waliokubaliana kuishika, hasa siku ile inapowahukumu wao wenyewe. Siku hiyo ikifika, tusiitupe.