Vidole Kwanza, Spana Baadaye

Leo tutazame ekseli ya pedali, ile ikaayo chini ya baiskeli mahali bomba za fremu zikutanapo.

Fundi husafisha kwanza nyuzi za fremu, akazipaka grisi, ndipo achukue vikombe viwili vya kuishika ekseli. Hapa yataka uangalifu. Katika fremu za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, hukazwa kinyume cha mishale ya saa. Cha kushoto hukazwa kwa kuifuata. Ni kwa sababu ekseli izungukapo na mzigo hutaka kuvilegeza. Katika fremu za Kiitalia, vyote viwili huifuata saa.

Basi, anza kwa vidole. Kikombe kilichonyooka huingia kwa wepesi mizunguko kadhaa. Kikigoma, usikilazimishe, kitoe, uanze upya. Akimbiliaye spana hukata nyuzi za fremu yenyewe. Kikombe kingine chapatikana dukani. Lakini fremu ikiharibika, mwuza maziwa atawalisha watoto wake kwa nini?

Ndugu fundi, haraka haraka haina baraka. Kwaherini.