Wajibu wa Shuhuda Jirani Anapotukanwa Mtandaoni

Hotuba ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata katika mkutano wa wakazi



Nimeombwa nizungumzie matusi na udhalilishaji katika makundi ya simu. Watukanaji wenyewe sitawazungumzia sana, kwa kuwa ni wachache, na kama wapo hapa watanisikia. Nazungumza na sisi wengine, tunaosoma na kunyamaza.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amechaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji. Pampu inaharibika, kituo kinafungwa siku tatu. Usiku, katika kundi la WhatsApp lenye watu 200, mtu anaandika kwamba fedha zimeliwa. Hilo ni dai, na dai hujibiwa kwa daftari na stakabadhi. Wa pili anaingiza tusi kuhusu ndoa yake. Wa tatu anabandika picha yake ya harusini iliyoandikwa maneno ya aibu. Watano wanaweka alama za kicheko. Wengine zaidi ya 190 wanasoma, wanazima simu, wanalala. Asubuhi mama yule anarudisha daftari, na uchaguzi ufuatao hakuna mwanamke anayejitokeza kugombea. Maji ni yetu sote, kwa hiyo hasara nayo ni yetu.

Usiku ule mama alisoma matusi ya watu watatu. Zaidi ya hayo alisoma ukimya wetu, wala hakuwa na njia ya kujua kwamba wengi wetu tulichukizwa.

Ukimya huo hautokani na roho mbaya. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha matokeo ya jaribio. Kila mshiriki aliketishwa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti bila kuwaona. Ghafla ikasikika sauti ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Kwa kweli ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Miongoni mwa waliodhani kwamba wanaisikia peke yao, 85 katika kila 100 waliomba msaada kabla sauti ile haijanyamaza. Miongoni mwa waliodhani wapo wengine wanne wanaoisikia, walikuwa 31 tu katika kila 100. Nao waliobaki vitini hawakuwa watulivu. Baadhi yao walikutwa wakitetemeka mikono. Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake.

Kundi la simu limejengwa vivyo hivyo: kila mtu chumbani mwake, hakuna anayeona uso wa mwingine. Barazani, mtu akivuka mpaka, mzee hukohoa, mwingine hugeuza uso, na msemaji huelewa. Simu haina kikohozi. Asiyeandika neno huhesabiwa kuwa ameridhia.

Basi tufanye nini? La kwanza, na naliweka mbele ya yote, ni kumwendea aliyetukanwa. Mpigie simu usiku huohuo, au mwandikie faraghani: "Mama, nimeona yaliyoandikwa, sikubaliani nayo, unahitaji nini?" Jambo hili halihitaji ushujaa, na mtukanaji hana habari nalo. Muulize kabla ya kumsemea, maana wako wanaotaka jambo lizimwe kimya kimya, na heshima yake ni yake kuamua namna ya kuilinda.

Kisha, akiridhia, andika kundini sentensi moja yenye adabu: "Tujadili pampu, mambo ya ndoa ya mtu yasiletwe hapa." Usiandike ya pili. Mchokozi hulishwa kwa majibu, na ukimrudishia tusi, kufikia saa sita usiku hakuna atakayekumbuka nani alianza. Sentensi ile si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya wale 190, ambao wakimwona mmoja amesema, wa pili na wa tatu hupata sauti. Kama unahofia usalama wako, usiandike. Mwone mwenyekiti au msimamizi wa kundi.

Usisambaze, hata kwa kusema "tazameni ukatili huu". Alama ya kicheko nayo ni kura. Wako wanaojitetea kwa methali kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo hufundisha kujiandaa. Haijatuagiza kushika wembe.

Msije mkadhani ninawakataza kuhoji. Kuuliza fedha za maji zimekwenda wapi ni haki yenu, hata kwa maneno makali, na kiongozi anayeita kila swali tusi anatukosea pia. Mpaka ni pale swali linapoacha kazi ya mtu na kushika mwili wake, ndoa yake, dini yake au watoto wake.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ushahidi hupotea upesi, kwa sababu mwandishi anaweza kufuta. Shuhuda aliye macho hupiga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, akamkabidhi aliyetukanwa. Picha za utupu ni jambo jingine: usizinakili wala kumtumia mtu yeyote, hasa zikiwa za mtoto. Toeni taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kwa jambo la mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Mwisho ni ombi kwa wasimamizi wa makundi. WhatsApp inawawezesha kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote usionekane tena kwa wote, na wengi hamjui hivyo. Naomba mbaki baada ya mkutano, simu zikiwa na chaji. Kijana wetu wa ofisi ya kata atawaonyesha mmoja mmoja. Wanaotaka kuandikisha malalamiko ofisini waje na simu yenye ujumbe wenyewe, haujafutwa.