Saba au Kumi: Tupange Bei ya Umeme Wetu

(Maneno ya kamati ya ushirika wa umeme katika mkutano wa wanachama)

Tumengoja mbalamwezi ili wavuvi wa dagaa nao wawepo, maana jambo la leo si la kamati peke yake. Leo tunataka kusema juu ya bei ya umeme.

Mnakumbuka injini yetu ya kwanza. Ilikuwa ya kilowati 16. Kila jioni ilivuma, na koroboi tukazitupa. Siku moja pistoni ilikatika. Tulipofungua sanduku la ushirika tukakuta fedha za madumu mawili ya dizeli. Fedha za pistoni hazikuwemo. Miezi minne tulikaa gizani. Mkunga wetu alizalisha akina mama akishika tochi kwa meno. Mashine ya unga ilinyamaza, na wanawake walirudi kuvuka ziwa na magunia ya mahindi.

Watu wengi walisema fundi ametuua. Sisi wa kamati tumezichungua hesabu upya, na tunakiri hapa: si fundi. Ni bei, na bei tuliipanga sisi wenyewe, tukapigiwa makofi.

Hebu tazameni. Kila umeme unaouzwa wa shilingi 10 ulikuwa na gharama zake. Shilingi 7 zilikwenda kwenye dizeli. Shilingi 1 ilikuwa ya oili, chujio na mwendeshaji. Shilingi 2 zilitakiwa ziwekwe, ili injini ikichoka tununue nyingine. Sisi tuliuza umeme huo kwa 7. Tukasema bei yetu ni nafuu. Unafuu gani? Tulikuwa tunaila injini kidogo kidogo, kama mtu anayechoma nguzo za nyumba yake apikie ugali.

Sasa tunapanga mtambo mpya. Neno la kwanza ambalo kila mwanachama alijue ni mzigo. Mzigo ni umeme wote unaotakiwa kwa wakati mmoja. Chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Nyumba moja ina taa 3 za wati 10. Hizo ni wati 30. Redio, simu na vitu vidogo, tuseme wati 30 nyingine. Jumla ni wati 60. Nyumba zetu ni 150. Zidisha: ni wati 9,000, yaani kilowati 9. Weka kilowati 1 ya zahanati na vilabu. Tumefika 10.

Mashine ya unga peke yake inataka kilowati 11. Ikisaga saa mbili usiku, taa zikiwa zimewaka, mzigo ni 21. Injini ilikuwa ya 16. Ndiyo maana taa zilikuwa zikiiva nyekundu kama makaa, na injini ikichemka. Tena mota ya mashine inapoamka hudai umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo. Hapo ndipo pistoni ilipoanza kuumia, ingawa ilikatika siku nyingine.

Wengine wanasema, basi tununue mtambo wa kilowati 30, yaishe. Haya, na deni lake nani atalipa? Pia injini kubwa ikipewa kazi ndogo hula dizeli vibaya. Injini nzuri hula karibu theluthi moja ya lita kwa yuniti moja. Ikifanya kazi nyepesi mno hula zaidi, na masizi huijaa. Dawa ya bei ndogo ni saa. Mashine isage mchana, taa ziwake usiku. Kwa saa tu tumepunguza mzigo wa usiku kwa kilowati 11 bila kununua hata waya.

Na mchana ndipo jua lilipo. Ndiyo maana tunafikiria paneli za sola. Adhuhuri zisage unga moja kwa moja, na zinazobaki zijaze betri kwa ajili ya taa. Dizeli ibaki ya akiba, kwa siku za mawingu. Lakini msije mkasema sola ni bure. Jua halidai bei, lakini betri huzeeka, na bei yake tunaijua. Bila zile shilingi 2 za akiba, giza litarudi, tena safari hii tukiwa na deni.

Wenzetu wa Urambo, mkoani Tabora, walipita njia hii. Walianza ushirika wao wa umeme mwaka 1994 kwa jenereta za dizeli. Umeme uliwaka jioni kwa saa chache tu, na bei ilizidi sana ile ya shirika la umeme la taifa. Watu hawakukimbia. Walioanza hawakufika 100, na kufika mwaka 2002 walikuwa wamezidi 200. Walitaka kwanza taa iwake kila jioni, kama walivyoahidiwa. Sisi tuliahidi bei ya 7 na taa ikazimika. Mwenye akili na achague.

Kuna jambo jingine, na hili linatuuma. Mita ya mtambo mwezi mmoja ilionyesha yuniti 2,000 zimetoka. Tulipojumlisha mita za nyumba tukapata 1,600. Yuniti 400 ziko wapi? Moja katika kila tano! Nyingine zilipotea kwenye waya mrefu na mwembamba wa kwenda mwaloni. Hizo tutazipunguza kwa waya mnene. Nyingine zina majina. Hatutayataja leo. Waya uliounganishwa usiku ukatoke usiku, kabla fundi hajapita kukagua.

Dawa ya hapo ni kusoma mita. Huko Marekani, mwaka 1935, shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Makampuni yaliona waya wa vijijini hauna faida. Serikali ya Rais Roosevelt ikaanza kukopesha, na wakulima wakaunda vyama vya ushirika, kila mmoja akitoa dola 5 ya kujiunga. Kufika miaka ya mwanzo ya 1950, mashamba zaidi ya tisa katika kumi yalikuwa na umeme. Na mojawapo ya njia zao za kubana gharama ni hii: katika vyama vingi mwanachama alijisomea mita mwenyewe, akaandika namba na kuipeleka ofisini. Hawakulipa mtu wa kuzunguka shamba hadi shamba.

Ndugu zetu, hilo linatushinda? Zaidi ya nusu ya waliokaa hapa wamemaliza kisomo katika darasa lile pale. Bibi aliyekaa karibu na mlango alianza na herufi "a" akiwa na wajukuu, leo ndiye mweka hazina wa kikundi cha dagaa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soma namba za mita yako, ziandike kwenye daftari, ondoa zile za mwezi uliopita. Kinachobaki ndicho unacholipia. Jirani yako asome ya kwako, nawe ya kwake, ili pasiwe na maneno. Jumla tutaibandika kwenye ukuta wa ghala, pembeni ya namba ya mtambo, kila mtu aone zilizopotea.

Tunajua 10 ni nzito kwa mjane na kwa mvuvi asiye na mtumbwi. Tumependekeza nyumba ya taa moja ilipe 7, na mwenye mashine na vilabu wajazie. Wenye vilabu wamekwisha nung'unika. Tunawaomba wasimame waseme hapa, mbele ya wote, kabla ya kura.

Kura itapigwa kwa karatasi. Andika 7 au 10 kwa mkono wako, ukunje, utumbukize kwenye debe. Kalamu za risasi anazo mwenyekiti.