Mtoto Anayetumwa Chang'aa

Leo tuzungumze jambo ambalo huwa tunalipita kimya.

Tukimkuta kijana wa miaka 15 amelewa, tunauliza ni marafiki gani wamemharibu. Hatuulizi ni nani alimtuma chupa ya kwanza. Baba anasema, "Shika hii, kimbia kwa Mama Fulani." Njiani mtoto anaonja. Kwake pombe ni kama chai tu. Na tangu 2010 sheria ya vileo inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Na asiyeonja je? Huyo naye anaumia. Usiku hasomi kwa ajili ya kelele, wadogo zake ni yeye anawapikia, na darasani akisinzia anaitwa mvivu.

Sasa jambo gumu. Wako akina mama wanaopika chang'aa ili walipe karo ya mtoto huyo huyo. Kumkemea mama bure tu, karo itadaiwa tena muhula ujao. Kikundi kimpe zamu ya kwanza ya mzunguko, aanze kuku ama mboga, ndipo ataweza kuuzima ule moto wa pipa.

Mzazi anayekunywa kila siku msimwachishe ghafula nyumbani. Anaweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Mpelekeni kituo cha afya kwanza.

Naye kijana apate nyumba moja ya jirani ya kusomea jioni. Asiulizwe maswali mengi. Apewe ugali, awashiwe taa.