Usalama wa Aliye Juu Huanzia Chini

Mazungumzo na wakazi wa Kwale kuhusu kazi za kupanda: minazi, makuti na majengo



Kila mwenye mtoto shuleni analijua neno kidato. Kuna kidato cha kwanza, kuna kidato cha nne. Lakini kabla ya kuwa darasa, kidato kilikuwa, na bado ni, ile alama inayochongwa kwa panga kwenye gogo la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kutoka Tiwi hadi Vanga, wako watoto waliolipiwa karo ya vidato vya shule kwa pesa zilizopatikana kwenye vidato vya mnazi.

Kazi hiyo ni ya heshima, na ni ya hatari. Mkwezi akianguka, maneno yanayosikika matangani ni yale yale: siku yake ilikuwa imefika, au kuna mtu alimtazama kwa jicho baya. Imani ya kila mtu iheshimiwe. Hata hivyo, mara nyingi kuanguka kuna sababu ambayo ingeonekana mapema, miguu ikiwa bado ardhini: gogo lililolowa, kidato kilichooza, kamba iliyochakaa, boriti iliyoliwa na bungua, ngazi iliyosimamishwa juu ya mchanga. Sababu inayoonekana chini hurekebishwa chini.

Sekunde mbili

Mnazi mrefu wa pwani hufika mita 20 na hata zaidi. Mtu akianguka kutoka mita 20 hufika ardhini kwa takriban sekunde 2, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Huo ni mwendo wa matatu kwenye barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Wanaodhani paa la nyumba ni mahali padogo wajue kuwa kutoka mita 3 tu mtu hugonga chini kwa karibu kilomita 28 kwa saa. Uti wa mgongo hauhitaji zaidi ya hapo kuvunjika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka. Kati ya ajali zisizokusudiwa, ni zile za barabarani pekee zinazoua watu wengi kuliko hao. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwenye mnazi

Mgema hupanda alfajiri na jioni. Alfajiri gogo lina umande, jioni mwanga unapungua. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni subira: gogo likiwa limelowa kwa mvua au umande, lingojwe likauke. Tembo la siku moja likiharibika, kesho litapatikana jingine.

Pili, vidato vikaguliwe. Kidato cha zamani huota ukuvu na kuoza kingo zake. Mkwezi akigonge kwa mgongo wa panga kabla ya kukiamini, na kilichooza asikikanyage.

Tatu, Waswahili husema mtu aliye mashakani amekalia kuti kavu, na msemo huo haukuzuka bure. Kuti kavu hung'oka likiwa mkononi. Anayefika kileleni ashike kwenye shina la makuti mabichi, na asijivute kwa kuti lililogeuka rangi.

Nne, panga na kotama visibebwe mkononi wala mdomoni. Viwekwe kwenye ala na kufungwa kiunoni, ili mikono yote miwili ibaki na kazi moja tu ya kushika. Mkwezi mwenye mkanda imara unaozunguka kiuno na gogo ana nafasi ya pili pindi mguu unapoteleza. Asiye nao hana.

Tano, asipande aliyekunywa. Hapa mgema ana mtihani kuliko wengine, kwa sababu kinywaji kiko mkononi mwake. Kuna pia ulevi mwingine, ule wa sifa. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkwezi naye akisifiwa kwamba hajawahi kuanguka, huanza kuacha kamba nyumbani.

Wenye minazi wana sehemu yao. Mkwezi anayelipwa kwa idadi ya minazi huharakisha, na mnazi wa mwisho wa siku hupandwa na mtu aliyechoka. Ni vyema idadi ya siku ikubaliwe mapema, na kazi ikome inapofikiwa. Anayepanda minazi mipya afikirie aina fupi, ambazo huanza kuzaa mapema kuliko mirefu na kwa miaka mingi huanguliwa mtu akiwa ardhini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko hapa hapa Matuga, na maswali ya miche yapelekwe huko. Maembe nayo yaangushwe kwa upembo mrefu. Tawi la mwembe huonekana nene na bado likakatika ghafla.

Kwenye makuti

Hoteli nyingi za Diani hufanya ukarabati wakati wageni ni wachache, yaani kati ya Aprili na Juni. Bahati mbaya, miezi hiyo ndiyo ya masika, na upepo wa kusi umekwisha anza. Fundi wa makuti hujikuta juu ya paa refu lililolowa wakati ambao hali ya hewa ni mbaya kuliko yote. Mwenye hoteli anayepanga kazi aongeze siku za mvua kwenye ratiba. Fundi asilazimike kuchagua kati ya kuteleza na kukosa malipo.

Kabla ya kupanda, boriti na fito zichunguzwe kutoka ndani ya nyumba. Unga unaodondoka chini ni dalili ya bungua. Juu ya paa, mtu asitembee kwenye fito zenyewe. Ilazwe ngazi au ubao wa kugawanya uzito. Mkanda wa usalama unaoshika mapaja na mabega ufungwe kwenye boriti nzima, sehemu iliyo juu ya fundi. Mkanda uliovaliwa bila kufungwa mahali ni pambo tu. Tahadhari hiyo iwe maradufu kwenye paa lenye vipande vya plastiki vya kupitisha mwanga, kwa maana huzeeka na kupasuka mtu akivikanyaga.

Kwenye majengo

Ukunda na Diani zinakua kwenda juu. Jukwaa la ujenzi lisimame juu ya mbao pana, si juu ya mchanga mtupu. Mbao za kukanyagia zijaze upana wote, na pawe na kizuizi cha usawa wa kiuno. Likaguliwe kila asubuhi na kila baada ya mvua. Matundu ya ngazi na ya lifti yafunikwe au yazingirwe. Ngazi ya kuegemeza ifuate kipimo cha nne kwa moja: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Ngazi ya chuma isikaribie nyaya za umeme.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mwajiri jukumu la kuhakikisha mahali pa kazi ni salama na kutoa vifaa vya kinga. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi, na halazimishwi kurudi mahali hapo hadi hatari irekebishwe.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Si lazima mkataba uwe wa maandishi; makubaliano ya mdomo yanahesabika. Akifariki mfanyakazi kazini, fidia kwa wanaomtegemea ni mapato ya miezi 96. Mwajiri huripoti ajali ndani ya siku 7, na dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12. Familia nyingi husubiri ahadi za mdomo hadi muda ukapita. Ripoti hupelekwa kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ambayo iko chini ya serikali ya kitaifa.

Mgema anayejifanyia kazi mwenyewe hana mwajiri wa kudai. Kwake, kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kulipa mchango mapema ndiyo akiba ya siku mbaya.

Akianguka

Hapa ndipo huruma huumiza. Majirani hukimbia, humwinua kwa mikono na miguu, na kumpakia kwenye bodaboda. Aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kupoozwa na msaada huo. Aachwe alivyolala, kichwa chake kishikwe kisigeuke, damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi, na asipewe maji wala chakula. Ipigwe simu 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ikilazimu kumsogeza, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, alazwe juu ya mlango au ubao mpana, na asafirishwe kwa gari lenye nafasi ya kulala hadi hospitali kama ile ya rufaa ya Msambweni.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walimlenga mwenye majivuno. Lakini kila mkwezi na kila fundi aliye juu leo ana anayemngoja chini: mke, mume, mama, watoto wanaosubiri unga na karo. Wanamngoja ashuke kwa miguu yake mwenyewe.