Mashariki ya Nani? Habari za Majina ya Sehemu za Dunia

Mazungumzo ya leo ni ya jiografia, lakini msizibe masikio mkidhani nitawasomea orodha ya milima na mito. Nataka tuulizane jambo moja tu: sehemu kubwa za dunia, kama Ulaya, Asia, Mashariki ya Kati na hata hii yetu Afrika ya Mashariki, zilipataje majina yake, na ni nani aliyeiweka mipaka yake?

Tuanze nyumbani. Mtu wa Kisanga, katika Wilaya ya Kilosa, akitaka kwenda Ulaya hana haja ya kupanda meli wala ndege. Ulaya ni kata mojawapo ya wilaya hiyo hiyo, nayo ina wakulima wake, mashamba yake na vumbi lake. Mgeni akisikia fulani amerudi Ulaya jana na kuku wawili mkononi, hana budi kushangaa. Lakini la kustaajabisha zaidi ni kwamba maneno haya mawili, Ulaya na wilaya, kwa asili ni neno moja. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mamlaka, au nchi iliyo chini ya mamlaka. Katika Bara Hindi watu walilitumia kwa nchi ya mbali walikotoka watawala wao, na mwishowe likawa jina la Uingereza. Askari wa Kiingereza waliokaa huko walilichukua wakaligeuza matamshi, na katika vita vya 1914 walilitumia kila walipokumbuka kwao. Kwetu pwani likawa Ulaya, yaani bara zima la Wazungu. Basi mtu asemapo "Wilaya ya Kilosa" na "Bara la Ulaya", ametumia neno moja mara mbili, kwanza kwa nchi ndogo, kisha kwa nchi kubwa mno.

Mambo ya namna hii si ya Waswahili peke yao. Warumi walipoubomoa mji wa Karthago, miaka 146 kabla ya kuzaliwa Kristo, nchi iliyouzunguka waliifanya jimbo lao, wakaliita Afrika. Ilikuwa sehemu tu ya nchi iitwayo leo Tunisia. Asia nayo ilikuwa jimbo la Warumi upande wa magharibi wa nchi iitwayo leo Uturuki. Mtu angeweza kulivuka kwa miguu kwa majuma machache. Majina hayo yalikua kama madoa ya mafuta juu ya nguo, hata jimbo la Afrika likafika Rasi ya Tumaini Jema, na jimbo la Asia likafika Japani. Watu wa Kilosa waliitwa Waafrika kwa jina la nchi ambayo babu zao hawakuwahi kuisikia.

Na mipaka je? Afrika ina bahari karibu pande zote, kwa hiyo kazi ni nyepesi; palipobaki nchi kavu, pale Suez, pamechimbwa mfereji uliofunguliwa mwaka wa 1869, nao hutumiwa kuwa mpaka na Asia. Lakini Ulaya na Asia zimeshikana kama kiganja na kifundo cha mkono. Wayunani wa kale walizigawa kwa mto uitwao leo Don. Mpaka wa milima ya Ural, unaofundishwa siku hizi, ulienea baada ya afisa mmoja wa Sweden, Strahlenberg, kuupendekeza katika miaka ya 1730. Milima haikusogea hata hatua moja. Ni mpaka ndio uliohama. Ndiyo sababu mtoto wa shule wa Tanzania hufundishwa kwamba mabara ni saba, na mtoto wa nchi nyingi za Amerika ya Kusini hufundishwa kwamba Amerika yote ni bara moja. Wote wawili hufaulu mtihani.

Sasa tutazame jina la Mashariki ya Kati, ambalo twalisikia kila siku katika habari. Mashariki ni mahali jua linapotokea. Waingereza walizoea kuita Uturuki na nchi jirani zake Mashariki ya Karibu, na China Mashariki ya Mbali. Mwaka wa 1902 afisa wa manowari za Marekani, jina lake Mahan, aliandika juu ya nchi zilizo kandokando ya Ghuba ya Uajemi, akaziita Mashariki ya Kati, na jina likashika. Karibu na nani? Mbali na nani? Ni kwa mtu aliyesimama London.

Fungueni atlasi, mtazame mistari ya longitudo. Kilosa iko karibu na digrii 37 mashariki ya Greenwich. Mji wa Yerusalemu uko kwenye digrii 35 na kidogo. Maana yake mtu akitoka Kilosa aende Yerusalemu kwa mstari ulionyoka, ataelekea kaskazini, tena ataegemea magharibi kidogo! Wazee wetu walilijua jambo hili bila atlasi. Waislamu wa nchi hizi wakisali huelekea kaskazini, kwa kuwa ndiko iliko Makka, na katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilikuwa na maana ya kaskazini vile vile. Leo sisi sote, Waislamu na Wakristo, twaita nchi hizo za kaskazini "Mashariki". Tumeazima kinywa cha London, na macho yake pia.

Wala sisemi kwamba majina ya Kiswahili hayana mahali yanapotazamia. Kaskazini na kusini ni majina ya pepo mbili, kaskazi na kusi, zilizoleta na kurudisha majahazi. Ni majina ya mabaharia. Bara, kwa mtu wa Unguja, ni nchi yote iliyo ng'ambo ya maji, na neno hilo hilo tumelifanya liwe Bara la Afrika na Bara la Asia. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Oman. Pilipili manga asili yake ni Malabar katika Bara Hindi, lakini imeitwa kwa nchi ya wale walioileta, wala si kwa nchi iliyoiotesha. Aliyekaa pwani alitaja dunia kwa kadiri alivyoiona kutoka pwani.

Huenda msikilizaji akauliza: je, hakuna mipaka ya kweli kabisa? Ipo ya namna yake. Mvua inyeshayo katika milima ya Kilosa ikiingia mto Mkondoa huteremkia mto Wami. Inyeshayo upande wa kusini wa wilaya huingia Ruaha Mkuu, na hatimaye Rufiji. Mgongo wa nchi ugawanyao maji hayo ungekuwapo hata kama mwanadamu asingekuwapo, na leo idara za maji zimegawanywa kwa kufuata mabonde hayo, Bonde la Wami na Ruvu na Bonde la Rufiji. Lakini jaribuni kugawa nchi kwa majira ya mvua. Pwani ina vuli na masika. Dodoma ina majira mamoja tu. Kilosa iko katikati, na vuli ya mwaka mmoja huonekana vizuri, ya mwaka mwingine ikapita kama mgeni asiyebisha hodi. Mwenye jiografia hana budi kupiga mstari mahali fulani, kwa kuwa ramani haina rangi ya "pengine". Wengine hutazama vitu vinavyofungana: mji na vijiji viulishavyo, au reli na watu waitegemeao. Kwa kipimo hicho kijiji chaweza kuwa cha mji mmoja kwa mahindi yake, na cha mji mwingine kwa hospitali yake.

Mambo haya yangekuwa ya darasani tu kama jina lisingekuwa na nguvu. Lakini jina likiandikwa katika karatasi ya watu wenye mizinga huwa na nguvu nyingi, na watu wa Kilosa ndio mashahidi wa kwanza.

Zamani nchi ya milima kati ya Ukami na Ugogo iliitwa Usagara. Burton na Speke walipita humo mwaka wa 1857, na wenye misafara walilijua jina hilo. Lakini Usagara haukuwa ufalme mmoja. Ilikuwa nchi ya watu waliosemezana lugha za jamaa, kila bonde na mkubwa wake. Mwisho wa mwaka wa 1884 akaja Carl Peters, Mdachi, akapita upesi katika Uzigua, Unguru, Usagara na Ukami, akifanya mikataba. Tarehe 29 Novemba alifanya mkataba na Mangungu wa Msovero, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Kilosa. Karatasi ilikuwa ya Kidachi. Ndani yake mkubwa wa mahali aliitwa Sultani, na nchi yake ikatolewa pamoja na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi barua ya ulinzi, na ndani yake zimetajwa hizo nchi nne kwa majina. Hivyo jina la milima, lililokuwa likitumiwa na wapagazi kuelezana njia, likawa jina la milki.

Seyyid Barghash wa Unguja alipinga, akidai kwamba nchi hizo ni zake. Manowari za Kidachi zilikuja mbele ya mji wake mwezi wa Agosti 1885, akanyamaza. Hapo likaulizwa swali ambalo ni la jiografia kabisa: pwani inakoma wapi, na bara inaanzia wapi? Waingereza, Wadachi na Wafaransa walipeleka watu kuchunguza, na mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana kwamba pwani ya Sultani ni maili kumi tu kutoka baharini, tangu mto Minengani hadi Kipini, pamoja na visiwa. Kwa nini kumi? Minazi haikomi katika maili ya kumi, wala Kiswahili, wala biashara. Kumi ni hesabu ya mezani. Lakini mstari ule ulidumu: upande wa Kenya ukanda wa maili kumi uliendelea kuhesabiwa kuwa wa Sultani, Waingereza wakiutawala kwa kumlipa, mpaka Desemba 1963. Mtu wa Mombasa wa mwaka 1962 alikuwa bado akibishana juu ya jibu la swali lililoulizwa siku za babu yake.

Nchi ile ya Usagara imeendelea kupokea majina juu ya majina. Burton alipotoa kitabu cha safari yake mwaka wa 1860, alikiita kwa jina la nchi za maziwa za "Afrika ya Kati". Wamisionari wa Kiingereza wa Vyuo Vikuu, ambao chama chao kilitajwa kuwa cha Afrika ya Kati, waliweka makao yao Unguja mwaka wa 1864, kisiwani, katikati ya maji ya bahari! Kisha Wadachi wakaiita Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1920 Waingereza wakaipa nchi yote jina la ziwa lililo magharibi kabisa, Tanganyika. Mwaka wa 1964 ikawa Tanzania. Na hiyo "Afrika ya Kati" ikahamia kwingine: ilitumika kwa Nyasaland, na tangu 1958 ni jina la jamhuri iliyo kaskazini ya Kongo.

Siku hizi mwenye kutaka orodha rasmi hutazama ile ya idara ya takwimu ya Umoja wa Mataifa. Humo Afrika ya Mashariki yaanzia Eritrea, yashuka hata Msumbiji na Zimbabwe, pamoja na Madagaska. Idara yenyewe imeandika kwamba mgawanyo huo ni kwa urahisi wa kuhesabu tu, na maneno hayo nayaona ya uungwana; wachora ramani wachache hukiri hivyo. Shirika la Afya Duniani lina mgawanyo wake: Tanzania na Kenya zimo katika Afrika, lakini Somalia, iliyopakana na Kenya, imewekwa pamoja na Misri katika Mashariki ya Mediterania. Daktari wa Mandera na daktari aliye ng'ambo ya mpaka hutibu homa moja, na taarifa zao huenda katika ofisi mbili.

Tena iko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilipoanzishwa mwaka wa 1967 ilikuwa na nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Ikavunjika mwaka wa 1977, ikarudishwa kwa mkataba wa 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka wa 2007, Sudani Kusini mwaka wa 2016, Somalia mwaka wa 2024. Katikati yake, mwaka wa 2022, iliingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ina pwani fupi upande wa magharibi, penye mlango wa mto Kongo. Kwa hiyo mvuvi wa Muanda, akivuta nyavu jioni na kutazama jua likizama katika bahari ya Atlantiki, yumo ndani ya Afrika Mashariki pamoja na mkulima wa Kisanga.