Kipimo cha Damu Kimfuate Mgonjwa Nyumbani

Msikilizaji, mgonjwa wa saratani akitundikiwa dripu ya kemo leo, siku zake za hatari bado ziko mbele. Mara nyingi huwa kati ya siku ya 7 na ya 14, akiwa kwake, wauguzi wameshaagana naye. Dawa inayoua chembe za saratani huua pia chembe changa kwenye uboho wa mifupa, na chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, zinazotangulia kupambana na vijidudu, hushuka. Watu wengi huwa na zaidi ya 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Zikiteremka chini ya 500, hata kidonda kidogo cha mdomoni chaweza kuondoka na mtu.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotuponza. Homa ikipanda, wa nyumbani wanasema malaria. Wanakimbilia duka la dawa, wananunua mseto na panadoli. Joto linashuka, watu wanashusha pumzi, kumbe maambukizi yanazidi kusambaa kwenye damu! Kwa mgonjwa wa kemo, joto la nyuzi 38 ni dharura. Anatakiwa apate antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Malaria apimwe, naam, lakini kipimo hicho kisicheleweshe sindano.

Huko Manchester, Uingereza, hospitali ya saratani ya The Christie imewapa baadhi ya wagonjwa mashine ndogo ya kuweka mezani nyumbani. Mgonjwa anajichoma kidole, anatia tone la damu, na muda si mrefu hesabu za chembe zake zinawafikia wanaomtibu. Kama dozi ijayo inafaa kusogezwa, anajua kabla hajatoka nyumbani.

Nasema jambo hili linatuhusu sisi kuliko wao. Mgonjwa wetu anatoka Masasi kwa basi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, analala kwa ndugu, asubuhi anatolewa damu, kisha anaambiwa damu haijapanda, arudi wiki ijayo. Nauli imekwenda, na ile nguvu kidogo aliyokuwa nayo imekwenda nayo.

Hatuna haja ya kungoja mashine za Manchester. Hospitali zetu nyingi za wilaya zinaweza kupima picha kamili ya damu. Mgonjwa apimwe hukohuko kwao siku mbili kabla ya safari, majibu yatumwe kwa simu kwa daktari wake wa saratani, naye amwambie njoo au subiri. Kila anayeanza kemo apewe kipimajoto, na karatasi ya kumwonyesha tabibu yeyote wa zamu, imeandikwa kwa Kiswahili: huyu yuko kwenye kemo, akiwa na homa ahudumiwe kwanza. Na kila kituo cha saratani kiwe na namba ya simu inayopokelewa hata saa nane za usiku.